Wadudu Hawaizoei Dawa: Kisa cha Bt na Nondo Mgongo-Almasi Kisiwani Oahu

Shamba la kresi ya majini halina msimu. Mboga hii ni ya ukoo mmoja na kabichi, sukuma wiki na haradali, ila huoteshwa kwenye majaruba ya maji ya chemchemi yanayotiririka polepole. Jaruba likivunwa leo, la pili yake litavunwa wiki ijayo, na kufikia hapo lile la kwanza litakuwa limeshachipua tena. Katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, ambako hakuna baridi ya kuwapunguza wadudu, mzunguko huo huenda Januari hadi Desemba. Kwa mkulima ni mauzo ya kila wiki. Kwa nondo mgongo-almasi, mdudu yule yule anayetoboa kabichi za Limuru, Lushoto na Mbeya, ni chakula kisichokatika.

Mwaka 1990 Bruce Tabashnik na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walichapisha vipimo vya viwavi waliokusanywa kwenye mashamba ya visiwa hivyo. Viwavi wa shamba lililopuliziwa Bt, dawa ya viwavi inayotokana na bakteria, tena na tena kwa miaka walihitaji dawa mara 25 hadi 33 zaidi ya viwavi wa maabara ili wafe kwa kiasi kilekile. Dozi ya kawaida ya shambani, ambayo iliua viwavi 90 hadi 100 kati ya kila 100 wa maabara, iliua 34 au 35 tu kati ya 100 waliotoka kwenye shamba hilo. Na viwavi wa mashamba yaliyopuliziwa kwa nadra walikufa kama kawaida. Ulinganisho huo wa mwisho ndio uliofunga mjadala: nondo ni yule yule, dawa ni ile ile, kilichotofautiana ni historia ya kupuliziwa.

Wakati huo Bt ilitegemewa kuliko dawa yoyote kwa sababu ilidhaniwa haina jinsi ya kushindwa. Ni bakteria wa asili, Bacillus thuringiensis, aliyegunduliwa Japani mwaka 1901 na Ishiwata kwenye viwavi wa hariri wanaokufa, kisha akapewa jina na Berliner wa Ujerumani kutokana na jimbo la Thuringia. Kiumbe hai, wengi walisema, hawezi kuzoeleka kama kemikali. Dalili ya kwanza kinyume chake ilitoka ghalani: mwaka 1985 McGaughey alionyesha kwamba nondo wa nafaka, Plodia interpunctella, anaweza kujenga usugu dhidi ya Bt ndani ya vizazi vichache kwenye nafaka iliyotiwa dawa. Lakini ghala ni chumba kilichofungwa. Oahu ni shamba la wazi, lenye jua, mvua na upepo.

Neno "kuzoea"

Kwenye maduka ya pembejeo utasikia kila siku: wadudu wameizoea dawa. Usemi huo unaeleweka, lakini unapotosha hatua za kuchukua, kwa hiyo inafaa kuuvunja mapema. Hakuna kiwavi anayezoea Bt. Aliyekula dozi ya kutosha na hana jeni ya kumlinda hufa, na hafundishi mtu chochote. Anayebaki ni yule aliyezaliwa tofauti, kabla hata pampu haijatiwa maji. Tunachofanya kwa kupulizia ni kuchagua nani atazaa.

Ili kuona tofauti hiyo iko wapi, inabidi kuingia tumboni mwa kiwavi. Bt haiui kwa kugusa. Bakteria anapojifunga kuwa spora hutengeneza fuwele ya protini, na kiwavi lazima aile fuwele hiyo pamoja na jani. Utumbo wa kati wa viwavi wa nondo una maji makali ya upande wa magadi, pH ya 9 kwenda juu, na humo fuwele huyeyuka. Vimeng'enya hukata protini ile kubwa na kubakiza kipande kidogo chenye sumu. Kipande hicho hutafuta mahali pa kushika kwenye ukuta wa utumbo, yaani vipokezi, kisha kikatoboa matundu kwenye seli. Kiwavi huacha kula ndani ya saa chache, hulegea, hubadilika rangi, na kufa baada ya siku moja hadi tatu hivi. Hatua zote hizi zikienda sawa ila moja ikakwama, sumu inapita tu na kinyesi.

Kwa nondo wa Oahu kilichokwama ni kushika. Tabashnik na wenzake walipolinganisha kuta za utumbo za viwavi sugu na za kawaida, sumu za jamii ya Cry1A (Cry ni jina la protini za fuwele ya Bt) hazikunata vizuri kwa wale sugu. Wenzao waliochunguza nondo wa Ufilipino walikuta hali ya namna hiyo pia. Baadaye, mwaka 2011, tatizo la aina ya Hawaii lilihusishwa na sehemu ya kromosomu yenye jeni ya ABCC2, inayotengeneza protini iliyopachikwa kwenye ukuta wa seli za utumbo.

Mwaka 1997 likaja jambo zito zaidi kwa mtu wa shambani. Ilionekana jeni moja tu inatosha kumpa nondo huyu kinga dhidi ya sumu nne: Cry1Aa, Cry1Ab, Cry1Ac na Cry1F. Jeni hiyo ni fiche, maana yake kiwavi hulindwa akiwa ameirithi kwa baba na kwa mama. Na hata katika jamii ya maabara iliyohesabiwa kuwa haina usugu, nondo 21 kati ya 100 walikuwa wamebeba nakala moja.

Tuikokotoe kidogo, kwa sababu hesabu hii ndiyo inayoeleza kwa nini ratiba ya kupulizia ina uzito kuliko jina la dawa. Ukiwa na wabebaji 21 kwa 100, nakala za usugu, pamoja na za wale wachache wenye mbili, ni kama 12 kwa kila nakala 100. Kiwavi mwenye nakala mbili anapatikana kwa 0.12 × 0.12, yaani 1 au 2 kwa kila 100. Pulizia viwavi 1,000 kwa dozi kamili na kuwafikia wote: watabaki kama 14, na wote ni sugu. Kama shamba zima na mashamba jirani yamepuliziwa siku hizo hizo, hao 14 watapandana wenyewe kwa wenyewe, na watoto wao wote watakuwa sugu. Kama kando kuna kabichi au magugu ya ukoo huo ambayo hayajapuliziwa, na humo wametoka nondo 300 wa kawaida, karibu kila nondo sugu atapata mwenza asiye sugu. Watoto wengi watabeba nakala moja, na dozi kamili itawaua.

Neno "kamili" hapo lina kazi. Bt huharibiwa na mionzi ya jua. Nguvu yake juani hupungua haraka ndani ya siku moja au mbili. Jani lililopuliziwa Jumatatu jioni lina dozi ya kuwaua wabebaji, lakini Alhamisi lina dozi inayoua tu wale wasio na nakala yoyote. Siku hizo za mabaki dhaifu, mwenye nakala moja anapona, na jeni fiche inaanza kufanya kazi kama jeni tawala. Mkulima anayepunguza dozi ili unga umtoshe hadi mwisho wa mwezi anafanya hivyo hivyo kwa mkono wake.

Sasa rudisha hesabu hiyo kwenye jaruba la kresi. Kizazi cha nondo mgongo-almasi kwenye joto huchukua wiki mbili hadi tatu, kwa hiyo vizazi 20 kwa mwaka vinawezekana. Zao halina mapumziko. Mboga ni ya majani, mnunuzi hataki tundu hata moja, kwa hiyo kupulizia ni kwa mara nyingi. Zao ni dogo kibiashara, dawa zilizosajiliwa ni chache, na Bt inaruhusu kuvuna karibu mara moja baada ya kupulizia. Kila sababu kati ya hizo ni ya busara kwa mkulima. Zikikusanyika, karibu kila kizazi cha nondo kinakutana na sumu ile ile.

Nondo huyu, kwa kweli, ana rekodi. Mwaka 1953 huko Lembang, Java, ndiye aliyeripotiwa kuishinda DDT akiwa miongoni mwa wadudu wa kwanza wa mazao kufanya hivyo. Asili ya dawa, kiwandani au kwenye udongo, haikumbadilishia kitu.

Kilichofanyika Oahu

Hatua iliyofaulu kuliko zote ilikuwa maji, na inasikitisha kwamba haizungumzwi sana. Nondo mgongo-almasi hupandana na kutaga jioni na mapema usiku. Tayari katika miaka ya 1980 ilijaribiwa kwenye kresi mitambo ya kunyunyizia kutoka juu, ile ya kuzunguka kwenye vichwa, ikifunguliwa na kufungwa kwa vipindi kuanzia jua linapozama. Matone huwazuia nondo kuruka na kutua, huwaangusha viwavi wadogo kutoka kwenye majani, na kwa kresi anayeanguka anaangukia kwenye maji yanayotiririka. Shambulio lilipungua sana, na kila kiwavi aliyeondolewa kwa maji ni kiwavi ambaye hakuchaguliwa na Bt. Maji hayaangalii jeni.

Kwa kabichi ya nchi kavu mbinu hii ina gharama yake: majani yakilala na unyevu, kuoza kweusi kwa bakteria kunasambaa. Anayetaka kuijaribu aanze na eneo dogo, msimu wa kiangazi, na aache mara aonapo doa la njano lenye umbo la V kwenye ukingo wa jani.

Hatua ya pili ilikuwa kubadilisha aina ya Bt. Dawa za mwanzo zilitokana na Bt kurstaki, ambayo fuwele yake imejaa Cry1A. Bt aizawai ina Cry1C na Cry1D pia, ambazo hushika mahali tofauti kwenye utumbo. Nondo aliyekuwa sugu sana kwa kurstaki bado aliuawa na aizawai kwa dozi iliyokaribia kawaida, na mashamba yakapata nafuu. Lakini angalia vizuri: aizawai nayo ina Cry1Aa na Cry1Ab ndani yake. Kwa nondo aliyekwisha kuzishinda hizo, pakiti ya aizawai ni sumu chache kuliko zilizoandikwa, na mzigo wote unaangukia Cry1C. Mwaka 1996 Liu, Tabashnik na mwenzao waliripoti kutoka mashamba ya Hawaii usugu dhidi ya Cry1C yenyewe, hadi mara 20 hivi.

Kisha ikaja spinosad. Hii nayo ni ya kibiolojia kwa asili, zao la bakteria wa udongo Saccharopolyspora spinosa, lakini hufanya kazi kwenye neva, njia isiyohusiana kabisa na vipokezi vya utumbo. Ilisajiliwa Hawaii mwaka 1998. Ilifanya kazi vizuri mno, na kwa sababu hiyo ikapuliziwa bila kupumzishwa. Kufikia mwaka 2000 wakulima wa uwanda wa Ewa, hapo hapo Oahu, walikuwa wakilalamika kwamba haiui tena, na vipimo vikathibitisha usugu wa kiwango cha juu. Miaka miwili tu.

Safari hii jibu lilipangwa kwa eneo zima badala ya shamba moja moja. Matumizi ya spinosad yalisitishwa mahali palipokuwa na usugu, dawa za makundi mengine kama emamektini na indoksakabu zikaingizwa kwa zamu, na viwavi wakaendelea kupimwa. Hilo la eneo zima ndilo somo ambalo mashamba yetu madogo yanalihitaji kuliko lolote. Nondo huyu ana urefu wa milimita 8 hadi 10 na huchukuliwa na upepo; uzio wa michongoma hausemi naye. Ukipumzisha Bt mwezi huu huku jirani anaianza, nondo wenu hawajapumzika hata siku moja.

Kabla ya kusema ni usugu

Malalamiko mengi ya "Bt haifanyi kazi" kwenye nyanda za juu za Kenya na Tanzania yanaweza kuwa na chanzo rahisi zaidi kuliko jeni, na kukimbilia kubadilisha dawa kunaficha chanzo hicho. Anza na pakiti. Bt ikikaa kwenye rafu ya duka inayopigwa na jua la dirishani, hupoteza nguvu kabla ya kununuliwa. Tazama tarehe ya mwisho, na nyumbani iweke pakavu, penye kivuli, mbali na joto la jiko.

Halafu kipimo. Bidhaa nyingi za unga huelekeza kati ya nusu kilo na kilo moja kwa hekta (lebo ya bidhaa yako ndiyo inayotawala), ila mkulima hupima kwa kifuniko kwa bomba. Pima hivi: chora eneo la mita 10 kwa 10 ndani ya kabichi. Jaza bomba maji matupu hadi alama, pulizia eneo hilo kwa mwendo wako wa kawaida, kisha jaza tena hadi alama kwa chombo cha kupimia. Kama zimeingia lita 4, basi hekta inakula lita 400. Ukitaka gramu 500 kwa hekta, gawanya 500 kwa 400 upate gramu 1.25 kwa lita, yaani gramu 25 kwa bomba la lita 20. Rudia kipimo kabichi zinapoanza kufunga, maana mmea mkubwa unataka maji zaidi, na ukiongeza maji bila kukokotoa upya unga, umepunguza dozi kwa kila lita au umeipandisha kwa kila hekta bila kujua.

Majani ya kabichi yana nta. Tone lisilo na gundi hujikunja kama lulu na kuteremka, na utaona chini ya mmea udongo umelowa huku jani likiwa kavu. Tumia gundi ya dawa iliyopendekezwa kwenye lebo, nozeli ya koni yenye matone madogo, na elekeza mkono chini ya jani, kwa kuwa viwavi wengi wanakula kutoka huko. Pulizia jioni, saa 11 kwenda mbele, ili dawa ipate usiku mzima kabla ya jua. Maji ya kisima yenye magadi mengi, pH ya juu ya 8, huweza kupunguza nguvu ya dawa ndani ya bomba. Yanahitaji kurekebishwa au kubadilishwa na ya mvua. Mchanganyiko usilale hadi kesho.

Umri wa kiwavi nao una sauti. Akitoka kwenye yai huingia ndani ya jani na kuchimba kijia chembamba cheupe. Humo Bt haimfikii. Akitoka nje hula nyama ya jani na kuacha ngozi ya juu, na jani huonekana lina vidirisha vinavyopitisha mwanga. Hapo ndipo dawa inamweza. Akifikia milimita 10, kijani, amechongoka pande zote mbili, ukimgusa anapapatika kurudi nyuma na kujiangusha kwa uzi, amebakiza siku chache kufunga kifukofuko na anahitaji sumu nyingi zaidi. Aliyesubiri hadi matundu yaonekane kutoka barabarani amechelewa kwa hatua mbili.

Kipimo cha majani

Hayo yote yakiwa sawa na viwavi bado wapo siku ya nne, pima. Kazi hii inawezekana kwenye ofisi ya afisa ugani au hata sebuleni.

Kusanya viwavi wadogo wa umri unaolingana, milimita 3 hadi 5, wasiopungua 120, kutoka sehemu nyingi za shamba na si mmea mmoja. Kata vipande vya jani la kabichi lisilowahi kupuliziwa, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya maziwa. Tengeneza dawa kwa dozi ya lebo pamoja na gundi kidogo, na upande wa pili maji yenye gundi hiyo hiyo bila dawa. Chovya kila kipande kwa sekunde 10, kisha kikaushe hewani kivulini hadi kisiwe na tone. Weka kila kipande kwenye kikopo safi juu ya karatasi iliyoloweshwa kidogo, viwavi 10 kwa kikopo, vikopo 6 vya dawa na 6 vya maji. Funika kwa kitambaa chepesi. Hesabu baada ya saa 72. Saa 24 ni mapema mno kwa Bt, na wengi hukosea hapo. Kiwavi asiyejivuta ukimgusa kwa ncha ya brashi hesabu amekufa.

Tuseme kwa mfano kwenye maji wamekufa 3 kati ya 60, asilimia 5, na kwenye dawa 27, asilimia 45. Vifo vya dawa yenyewe ni (45 − 5) gawanya kwa (100 − 5), kama asilimia 42. Kama kwenye maji wamekufa zaidi ya 20 kwa 100, tupa matokeo; ulishika viwavi vibaya au vikopo vilitoa jasho.

Asilimia 42 peke yake haitoshi kutangaza usugu, kwa kuwa pakiti mbovu ingetoa namba hiyo hiyo. Rudia kwa dawa ile ile na viwavi kutoka bustani ya mbali isiyopuliziwa Bt. Wao wakifa 95 na wa kwako 42, pakiti ni nzima na tatizo liko kwa viwavi wako. Wote wakifa 42, rudi dukani. Ni ulinganisho ule ule wa Oahu, kwa vikopo.

Ukithibitisha

Acha Bt zote, kurstaki na aizawai, kwa bonde zima. Kubadilisha jina la biashara si kubadilisha dawa. Kinachohesabika ni namba ya kundi iliyochapishwa kwenye lebo nyingi. Bt ni 11A, spinosad ni 5, emamektini ni 6, indoksakabu 22A, diamaidi 28. Panga madirisha ya siku 30, yanayotosha kumeza kizazi kizima, yafuate kalenda ya mwezi na si umri wa kabichi ya kila mtu, kwa sababu mashamba hayapandwi siku moja. Ndani ya dirisha tumia kundi moja, na pale tu ukaguzi unapoonyesha viwavi hai; dirisha linalofuata kundi hilo lipumzike. Kuchanganya Bt na pareto za viwandani ndani ya bomba moja, desturi iliyoenea, kunafuta faida kubwa kuliko zote tulizo nazo, yaani nyigu.

Mwaka 2002 icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, iliachia Kenya nyigu mdogo Diadegma semiclausum, aliyeletwa kutoka Taiwan, kwanza Werugha kwenye milima ya Taita na kisha Tharuni karibu na Limuru. Hutaga ndani ya kiwavi, na hupenda hali ya ubaridi ya nyanda za juu. Kumtambua ni rahisi ukijua pa kuangalia: geuza jani utafute kifukofuko cha nondo, wavu mweupe mwembamba. Ndani yake ukiona pupa wa nondo (hatua kati ya kiwavi na nondo), wa kijani au wa njano mwenye ncha, nondo anakuja. Ukiona kama kidonge cha kahawia kilichojaa wavu, butu pande zote mbili, huyo ni nyigu, na kiwavi ameshaliwa. Nyigu hachagui kiwavi sugu na asiye sugu. Bt haimdhuru moja kwa moja, pareto humfagia. Kwenye daftari la ukaguzi andika viwavi hai na vidonge vya kahawia kwenye mimea 30 uliyopita kwa mwendo wa zigizaga. Vidonge vikikaribia idadi ya viwavi, zuia mkono wa bomba wiki moja ukague tena.

Mistari ya haradali kando ya kabichi huwavuta nondo watage huko. Mpango unaojulikana kutoka India ni mistari 2 ya haradali kwa kila 25 ya kabichi. Hapa kuna kosa la kawaida: haradali ikipuliziwa Bt ile ile, imeacha kuwa kimbilio la nondo wa kawaida na imekuwa mahali pengine pa kuwachagua sugu. Ama iachwe kabisa bila dawa, nyigu wafanye kazi yao, ama iteketezwe ikijaa viwavi kabla hawajafunga vifukofuko. Uamuzi huo ufanywe kabla ya kupanda.

Na zao lenyewe lipate mapumziko. Mabua ya kabichi yaliyoachwa shambani baada ya kuvuna huchipua na kulea nondo wa msimu ujao. Yang'olewe na kufukiwa wiki ile ile. Wiki 6 bila mmea wowote wa ukoo huo kwenye bonde, zikipandwa maharage, karoti au viazi, huvunja vizazi viwili. Hilo ndilo ambalo jaruba la kresi haliwezi kulifanya.

Je, Bt itarudi? Maabara ya Hawaii ilionyesha mwaka 1994 kwamba nondo sugu wakiachwa vizazi vingi bila Bt, wanaweza kurudi kufa nayo, na kushika kwa sumu kwenye utumbo kunarudi pia. Nakala za usugu hubaki chache ndani ya jamii hiyo, kwa hiyo zikianza kuchaguliwa tena hupanda upesi kuliko mara ya kwanza. Baada ya misimu miwili ya mapumziko, rudia kipimo cha vikopo: viwavi wa bonde hilo hilo, dozi ile ile, saa 72, na namba mpya iandikwe kando ya 42 ya zamani. Ikiwa juu ya 90, Bt ipewe dirisha moja kati ya matatu.